Upande wa Pili, Wimbo wa Nne

Santuri haikuwa yetu.
Ilikuwa ya Bwana Tshiamala, nyumba ya tatu kutoka bombani,
Katuba, na hakumwazima mtu.
"Santuri si sufuria," alisema.
Jioni ile ya Noeli aliileta mwenyewe,
ameifunga kwa shuka, mvua ikimfuata nyuma,
na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila sindano.

Baba aliegemeza redio ya kaseti kwenye spika,
akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja,
akainua kidole: kimya.
Watoto sita, chumba kimoja, kimya!

Basi vyote viliingia.
Kikohozi cha Bwana Tshiamala, wimbo wa kwanza.
Kifuniko cha sufuria ya sombe.
Mvua juu ya bati, inaanza polepole
kama mtu anayehesabu karanga za kuuza.
Na upande wa pili, wimbo wa nne,
kwaya inaposhuka, wanawake watupu,
mtoto anakaribia kulala horini,
Mama:
*We Musonda! Funga mulango, mvula inaingia mu nyumba!*

Baba alinuna mpaka Bonane.

Mwaka uliofuata Bwana Tshiamala alikuwa stesheni,
yeye, mkewe, magodoro, santuri katika shuka ileile,
wakingoja treni isiyokuja.
Tuliwapelekea bukari usiku. Sababu hatukuitaja.
Sababu ilikuwa imeandikwa kwa mkaa kwenye mlango wao.
Noeli ilipofika tulibaki na kikohozi chake.
Baba alirudisha mkanda nyuma,
akakisikiliza tena.

Hakuna aliyesema iwe desturi.
Ila tangu hapo, tukitoka kanisani, kabla ya kuku,
ni kaseti. Kipili hukohoa pale pa kukohoa.
Aliye karibu na jiko hugonga kifuniko.
Mkanda ulikatika, Mwape akauunga kwa rangi ya kucha,
ubeti mzima ukapotea, kwa hiyo kwetu
Maria na Yosefu hutoka Nazareti wakaangukia horini.
Hawajawahi kubisha hodi kwa mtu.

Mama alituacha mwezi wa nne, mvua zikikatika.
Noeli ile tulisitasita. Baba akasema: wekeni.
Wimbo wa nne ukafika, na mlango
ulikuwa umeshafungwa.
Sauti yake ikatuma mtu kazi ambayo haikuwepo.
Ndipo Musonda, mwanaume mwenye lori
na madeni mpaka Kasumbalesa,
akainuka, akaufungua,
akaufunga.

Siku hizi tunaufungua mapema, makusudi.
Mbu huingia. Mbwa wa jirani huingia.
Mwaka mmoja maji yalifika chini ya kabati
na tuliyatazama tu, tukingoja kuamriwa.

Sasa mwaka huu Debora, wa Mwape, kaja na simu:
ameipata albamu nzima, safi,
kama kikombe kilichosuguliwa kwa majivu.
Tukasikiliza. Ni nzuri, siwezi kudanganya.
Kwa mara ya kwanza Yosefu alibisha hodi
akakataliwa, na shangazi yangu akaguna: "Maskini, kumbe!"
Hakuna aliyekohoa. Kipili alijishika koo.
Wimbo wa nne, wanawake wakashuka,
na pale mahali petu
palikuwa na kinanda.
Kinanda tu, miaka yote, chini yake.

Musonda alishasimama, mkono kwenye komeo,
mlango wazi, mvua ya kweli ikimlowesha bega,
wala hakurudi kukaa.
Kinanda kikaenda, kikaenda.
Hapo Kyabu, kitinda mimba wake, miaka mitano,
asiyemwona bibi yake hata siku moja,
bila kuinua macho kwenye kokwa la embe,
kwa ukali uleule, akamwita baba yake kwa jina:

*We Musonda.*